Paa Jipya Chini ya Jua la Masha



Swali la somo hili tumeletewa na mwenzetu mmoja, fundi mwashi ambaye kazi yake iko Mbarara mjini na nyumba yake iko Masha, wilaya ya Isingiro. Mabati ya nyumba hiyo yalipigwa na marehemu baba yake. Sasa yameliwa na kutu kiasi kwamba mvua za Machi zikianza, sufuria zote za jikoni hupangwa sebuleni kukinga maji. Fedha alizonazo ni za mkupuo mmoja tu, zamu yake katika mchezo wa akiba wa mafundi, na zamu hiyo haitamrudia mpaka miaka miwili ipite. Dukani Mbarara ameonyeshwa mabati ya rangi nyekundu iliyoiva, mazuri ya kutazama, na fedha zake zinatosha kuezekea nyumba nzima kwa hayo na chenji ikabaki. Ameonyeshwa pia mabati ya kawaida ya zinki, mazito zaidi, ambayo yatamaliza fedha zote.

Mkewe ni mshona nguo, na cherehani yake iko chini ya paa hilo hilo. Yeye hataki kusikia habari za wekundu wala za uzito. Anasema anataka nyumba ambayo mtu aweza kukaa ndani saa nane mchana. Na mama yake mzazi, aliyekimbia Kongo na ambaye sasa anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, amelala chini ya turubai mwaka wa pili huu, naye amemtumia mkwewe salamu akiuliza kama mabati ya zamani yatatupwa.

Mwenzetu akatuuliza: nani kati yao ana haki? Tulilijadili katika kikundi chetu cha masomo Jumamosi mbili mfululizo, na wala hatukukubaliana upesi. Haya tunayoyaandika ni yale yaliyobaki baada ya ubishi.

Jua hupiga wapi

Kwanza hatuna budi kujua adui anaingilia wapi. Sisi wa Mbarara na Isingiro tunakaa karibu kabisa na Ikweta, chini ya nyuzi moja upande wa kusini. Mwezi wa Machi na tena mwezi wa Septemba jua la adhuhuri husimama juu ya utosi, na miezi mingine halitoki mbali sana. Maana yake ni kwamba kuta za nyumba zetu hupata jua la asubuhi na la jioni tu, tena la kubembeleza, lakini paa hupigwa mchana kutwa. Nchi za kaskazini mtu huulizia madirisha yake yanaelekea wapi. Huku kwetu swali la kwanza ni paa.

Adhuhuri ya jua wazi, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000, yaani kama pasi moja ya umeme iliyowashwa. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mshona nguo wetu basi hukaa chini ya pasi 48. Si ajabu kwamba anahama na kitambaa chake kwenda chini ya mwembe.

Nguvu hiyo ikishafika kwenye bati, sehemu hurudishwa angani kama mwanga, na sehemu hulipasha bati moto. Bati kuukuu lenye kutu, au lenye rangi iliyoiva, hurudisha kidogo na kumeza kingi. Mchana wa jua kali laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani joto la nyumba ya bati ni hewa ya moto tu, wanafungua mlango na dirisha, na bado kichwa kinauma. Sababu ni kwamba bati lenye moto hutuma joto moja kwa moja kwenye mwili wa mtu aliye chini yake, kama vile makaa yanavyokuchoma uso ingawa umekaa mbali na upepo unavuma. Upepo wa mlangoni hauzuii jambo hilo. Linazuiwa na kitu kilichowekwa katikati ya bati na kichwa.

Usiku mambo hugeuka. Nchi yetu iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi mbingu ikiwa wazi bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo ndani. Pumzi za watu waliolala hugusa bati hilo baridi na kugeuka maji. Ndiyo yale matone ya alfajiri ambayo watu husema bati linatoka jasho, na fundi asiye na makosa huitwa tena kutafuta tundu ambalo halipo. Kwa hiyo mwenye bati tupu hupata hasara mara mbili: mchana anaokwa, alfajiri anadondoshewa.

Bati lenyewe

Bati la migongo si la jana. Mwingereza Henry Robinson Palmer alilisajili mjini London mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kulivika zinki ili lisile kutu upesi. Hapa Uganda kiwanda cha Uganda Baati kilianzishwa mwaka 1964, na tangu hapo viwanda vingine vimeongezeka. Tunalipenda kwa sababu za haki: ni jepesi, haliungui, halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache, na linakinga maji ya kunywa. Kosa si la bati. Kosa ni kulipiga tupu na kusema nyumba imekwisha.

Tuanze na unene, kwa kuwa hapo ndipo jasho la mfanyakazi huibwa. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na geji huenda kinyume na akili: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu milimita 0.3, na geji 32 ni nyembamba kuliko hizo. Mnunuzi mgeni husikia 32 akadhani amepewa kubwa. Lakini hata anayejua twaweza kumdanganya kwa muhuri, maana muhuri ni wino tu. Yafaa kudai risiti iandikwe unene kwa milimita, kisha bati lipimwe.

Fundi mwenye maikromita atapima mara moja. Asiye nayo atumie mizani ya duka. Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Hivyo bati la milimita 0.4 litakuwa na kilo 3.1 hivi kwa mita ya mraba, na la milimita 0.3 kilo 2.4 hivi. Ila tahadhari: migongo hula upana. Ukipima upana wa bati lililokwisha kukunjwa utapata pungufu. Pitisha kamba ikifuata kila bonde na kila kilima, ndipo upate upana wa kweli. Chukua bati ambalo kwa kamba ni sentimita 91 na urefu wake mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 2.73. Kama ni milimita 0.4 kweli, mizani itasoma karibu kilo 8 na nusu. Ikisoma 6 na nusu, umeuziwa 0.3 kwa bei ya 0.4. Mwenzetu alifanya hesabu hii mbele ya muuzaji, na yale mabati mekundu hayakufika hata 6 na nusu.

Unene wenyewe hauondoi joto, na hili tuliseme wazi ili mtu asije akatulaumu. Bati nene tupu huchoma sawa na bati jembamba tupu. Unene hununua miaka na hununua usalama. Vilima vya Isingiro vina upepo wa ghafla kabla ya mvua, na bati jembamba huraruka penye msumari: msumari unabaki kwenye mbao, bati linakwenda kwa jirani. Bati jembamba pia hubonyea fundi akikanyaga, na penye bonde dogo maji hutuama, na maji yakituama kutu huanza.

Rangi nayo ina habari yake. Rangi ya kiwandani hulinda chuma, hilo ni jema. Lakini nyekundu iliyoiva, kahawia na kijani cha giza humeza jua. Anayetaka rangi na atake nyeupe, au ya maziwa. Bati jipya la zinki hung'aa na kurudisha mwanga mwingi, lakini lina tabia moja mbaya: joto lile dogo linalolimeza halitoi upesi, na isitoshe miaka michache tu hupita likafifia na kuwa la kijivu. Rangi nyeupe ina faida zote mbili, hurudisha jua na hutoa joto lake angani. Katika mji wa Ahmedabad nchini India, joto kali la Mei 2010 liliua watu zaidi ya elfu moja kupita hesabu ya kawaida. Mji ukaweka mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kupaka nyeupe mapaa ya nyumba za wanyonge. Hawakusubiri mashine za kupooza hewa, ambazo wanyonge wasingezipata.

Anayetaka kupaka mwenyewe asikimbilie bati jipya siku ile ile. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani na uso laini. Rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Liache lipigwe na mvua na jua hata zinki ififie, lioshe kwa sabuni, kisha tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa mapaa ya chuma. Chokaa tupu, ambayo ni nzuri sana kwa ukuta, haishiki vyema kwenye bati na mvua huichukua mpaka kwenye pipa. Na kwa kuwa maji ya paa hunywewa, uliza kwanza kama rangi haina risasi. Kama muuzaji hajui, usinunue.

Kuhusu maji, mwenye nyumba Isingiro halichagui paa lake bila kufikiri dumu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu la mita za mraba 48 likipata mvua ya milimita 10, ni lita 480. Tupunguze moja ya tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza ya kuoshea vumbi, yanabaki lita 384, yaani madumu 19 ya lita 20. Madumu 19 ni safari ngapi za mtoto kwenda kisimani? Kila mmoja wetu anajua hesabu ya kwake.

Dari, kitu kinachosahauliwa

Sasa tumefika penye kiini, na tutakaa hapa kidogo.

Wazee wa Lamu walijenga nyumba za mawe zenye paa bapa la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Paa lile ni zito, linachelewa kupata moto, lakini likishapata hukaa nalo mpaka usiku. Walifanyaje? Wengi waliweka kibanda cha makuti juu yake, wazi pande zote. Jua likapiga makuti, upepo ukapita katikati, na jiwe likakaa kivulini. Madereva wetu wa zamani watakumbuka zile Land Rover zilizokuwa na paa la pili la bamba, limeinuliwa kidogo juu ya la kwanza. Akili ni ile ile: paa la juu lipigwe, hewa ipite, paa la chini libaki poa.

Katika nyumba ya bati sisi tunaigeuza akili hiyo kwa kuweka dari. Bati linakuwa mwavuli, dari inakuwa paa la pili, na hewa ya katikati lazima iwe na njia ya kuingia chini penye upenu na kutoka juu penye pembe za kuta za kichwa cha nyumba. Dari bila matundu ya hewa ni kama kufunika chungu. Bado inasaidia, kwa sababu inakukinga na uso wa bati, lakini joto linajikusanya na jioni linashuka.

Haihitaji kuwa dari ya mbao za dukani. Mikeka ya mafunjo iliyosukwa nene hufaa sana, kwa kuwa ndani ya mafunjo mna hewa. Mafunjo yako katika ziwa Nakivale na mabwawa yake, lakini msiende kufyeka ovyo: mabwawa ya Mburo na Nakivale yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na ruhusa huombwa. Anunuaye mkeka kwa msukaji wa sokoni amempa mwenziwe kazi na amejiepushia kesi. Asiyepata mafunjo atumie fito na mikeka ya majani makavu ya mgomba, ambayo Masha hayana uhaba. Wako wanaoshona magunia na kuyapaka udongo mwembamba wenye chokaa. Tumeona dari ya namna hiyo ikikaa vizuri, mradi yawe magunia ya katani. Ya nailoni usiyaweke kabisa. Yakishika moto huyeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya waliolala.

Jikoni penye kuni msiweke dari yoyote inayoungua. Moshi na cheche zinahitaji nafasi.

Ubishi mkubwa katika kikundi ulikuwa juu ya mbu. Mmoja wetu alisema: mnawaambia watu waache matundu penye upenu ili hewa ipite, na kila mtu anajua mbu huingilia hapo hapo, mtapunguza joto na kuongeza malaria. Hoja yake ni nzito. Jibu ni wavu. Matundu yote ya hewa yafungwe wavu wa chuma wa tundu dogo, na dari yenyewe isiachwe na mianya pembeni. Nchini Gambia majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu kamili, na hata zile zilizowekewa dari ya wavu peke yake, ziliingiliwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake walikuwa na upungufu mdogo wa damu. Kwa hiyo dari iliyofungwa vyema ni kinga ya joto, ni kinga ya matone ya alfajiri, na ni kinga ya mbu. Wavu huo huo huzuia popo. Kwa panya tunakiri hatuna jibu zuri zaidi ya paka.

Na jambo hili lina uzito kuliko starehe. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba ameelemewa na joto. Dawa nyingi za zahanati zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Mwanafunzi arudiye saa nane hana mahali pa kusoma. Na mshona nguo anayesimamisha cherehani kila siku kutoka saa sita mpaka saa kumi amepoteza saa nne za ujira, ambazo hakuna anayemlipa.

Nyasi, vigae, na turubai la mama mkwe

Nyasi zilizoezekwa vyema hushinda bati tupu kwa ubaridi, mbali sana. Lakini zinataka mwinuko mkali, nyuzi 45 au zaidi, na unene wa kutosha, la sivyo huoza. Zinataka kurudiwa. Zinashika moto. Maji yake ni ya kahawia. Na nyasi zenyewe zimekuwa za kutafutwa kadiri mashamba na malisho yanavyobanana. Vigae vya udongo, kama vile vya Kajjansi ambavyo Uganda Clays ilianza kutengeneza mwaka 1950, vinapendeza na vinachelewa kupata moto, lakini mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 40 au zaidi. Kenchi iliyobeba bati la kilo 3 haitabeba hayo, wala ukuta wa udongo. Anayejenga upya na ana uwezo, sawa. Anayebadilisha paa tu, asijaribu.

Nakivale hesabu ni nyingine. Makazi yale yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, hivyo wako waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa pale. Hata hivyo mkimbizi amepewa kiwanja cha kutumia, si cha kumiliki, na hajui kama mwaka ujao atakuwa pale, au amerudi kwao, au amepelekwa nchi ya mbali. Katika nyumba yake bati ndicho kitu pekee kinachoweza kung'olewa na kuuzwa au kubebwa. Kwa mtu kama huyo bati ni akiba, na alipige kwa misumari michache iwezekanavyo bila kuuacha upepo ushinde, au kwa skrubu zenye mpira, ili siku ya kuondoka lisiwe chekeche.

Turubai, ambalo wengi kule huliita shitingi, ni karatasi ya plastiki iliyofumwa, mita 4 kwa 5. Lilitengenezwa kwa dharura. Jua hulila nyuzi zake mpaka linapukutika mkononi, na joto lake la mchana kila aliyelala chini yake anajua. Lakini kuna ujanja ambao wakazi wenyewe wanautumia na sisi tunausifu: kuweka tabaka la nyasi juu ya turubai. Nyasi hulikinga turubai na jua, turubai hulikinga tandiko na mvua, na kwa kuwa nyasi hazina kazi ya kuzuia maji peke yake, nusu ya unene wa kawaida yatosha. Lile turubai litadumu muda mrefu zaidi, na chini yake pataingilika mchana.

Aliye juu ya paa

Tusimalize bila kumtaja fundi, maana wengi wetu ndio mafundi wenyewe. Kuezua paa la zamani ni hatari kuliko kuezeka jipya: mbao zimeliwa na mchwa kwa ndani huku nje zinaonekana nzima. Kagua kutoka chini kwa kugonga kabla ya kukanyaga. Kazi ianze alfajiri na kusimama jua likipanda. Bati la nyuzi 60 linaunguza kiganja. Upepo ukivuma bati zima lisinyanyuliwe, litakugeuza tanga. Ngazi ifungwe juu. Mwenye nyumba anayetaka paa liishe kwa siku moja aambiwe kwamba haraka hiyo inalipwa kwa mifupa ya mtu.

Na katika majengo ya zamani ya taasisi kuna mabati ya kijivu ya saruji yenye asbesto. Hayo yasikatwe kwa msumeno, yasivunjwe, yasiletwe nyumbani hata yakitolewa bure. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, wakati mwajiri wa siku ile amekwisha kusahaulika. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya asbesto mwaka 1986. Kiongozi wa tawi aujue.

Nyumba ya mwenzetu

Mabati mekundu aliyaacha. Alinunua ya zinki ya milimita 0.4, kwa vyumba vitatu vya nyumba kubwa tu, na kibaraza akakiacha kwa mwaka mwingine. Upenu ametoa sentimita 60, isizidi hapo upepo usije ukapata pa kushikia. Akiba iliyopatikana kwa kukiacha kibaraza ilinunua mikeka ya mafunjo na wavu kwa vyumba viwili, cha kulala na cha cherehani. Sebule bado iko wazi juu. Jiko limeezekwa kwa mabati ya zamani yaliyosalimika, na mengine 6, yenye matundu yaliyozibwa kwa lami, yamepelekwa Nakivale kwa mama mkwe, yakapigwa juu ya upande wa kitanda, na upande wa pili turubai limevikwa nyasi. Rangi nyeupe atapaka zinki ikishafifia. Gata bado, pipa liko, linasubiri Septemba.

Kazi ya kikundi

Kila kikundi kitafute kipimajoto kimoja. Kitundikwe kivulini ndani ya nyumba ya bati tupu, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, saa nane mchana, na namba iandikwe. Siku inayofuata, saa hiyo hiyo na jua likiwa sawa, kitundikwe katika nyumba yenye dari. Fanyeni hivyo kwa siku 10. Kisha kila mwanachama aulize bei ya bati moja na ya mkeka mmoja katika soko lake, aigawe kwa ujira wake wa siku, alete jibu kwa siku za kazi, si kwa shilingi. Wanaojua kusuka mikeka waseme itahitajika mingapi kwa chumba cha mita 3 kwa 3, na nani kati yetu yuko tayari kuwafundisha wengine.

Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.